Dirisha Linalokwama: Tafuta Linapogusa Kabla ya Kushika Randa

Kila mwaka, mvua za masika zinapokolea hapa Mwanza, madirisha ya mbao katika nyumba nyingi huanza kugoma. Lile lililokuwa likisukumwa kwa kidole mwezi wa nane sasa linataka bega, na likishafunguka halirudi mahali pake bila kupigwa. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi hufika na randa, hukwangua ukingo wa mlango wa dirisha mpaka uingie, hulipwa na kuondoka. Mwezi wa saba, jua likishakausha kila kitu, dirisha lile lile huacha mwanya unaopitisha mbu, vumbi na mwanga wa taa ya jirani. Dirisha la chumba changu kinachotazama ziwa lilitendewa hivyo mwezi wa nne, na ilipofika Agosti mwanya wa upande wa komeo ulikuwa milimita 5. Ilinibidi nigundishe ukanda mwembamba wa mbao ukingoni, kazi iliyonichukua siku mbili, na ambayo isingehitajika kama kabla ya kushika chombo lingeulizwa swali moja tu: dirisha hili linagusa wapi, na kwa sababu gani?

Swali hilo ndilo litakalotuongoza hapa, iwe dirisha ni la mbao, la chuma, la aluminiamu au la luva, yaani lile la vipande vya vioo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Mbao iliyokwisha kurandwa hairudi, na kwa hiyo randa inapaswa kuwa chombo cha mwisho kutoka mkobani, si cha kwanza.

Mbao na majira ya mvua

Mbao hunywa unyevu kutoka hewani na kuutoa tena hewa inapokauka. Inapofanya hivyo huvimba na kusinyaa kwa upana na unene wake, lakini urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Ubao wenye upana wa sentimita 10 unaweza kuongezeka milimita 1 au zaidi kati ya kiangazi na masika, na kwa kuwa mlango wa dirisha una mbao mbili za wima, moja kila upande, ongezeko hilo hujirudia mara mbili, huku fremu nayo ikivimba kuelekea ndani. Ndiyo maana fundi makini huacha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kuzunguka mlango wote anapoutengeneza. Asipoiacha, masika yatamdai.

Katika sehemu hii ya nchi mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea, kwa kupungua na kuongezeka, hadi Mei, kisha Juni hadi Agosti huwa kukavu. Kwa hiyo dirisha huishi sehemu kubwa ya mwaka katika unyevu, na lile linalotazama ziwa, ambalo mvua ya upepo hulipiga uso kwa uso, huteseka kuliko lile la upande wa mlima. Aina ya mbao nayo ina neno lake. Mninga unajulikana kwa kutulia, haubadiliki sana hata majira yakibadilika, na mkongo si mbaya. Mkaratusi, hasa ukipasuliwa na kuuzwa ungali mbichi, huvimba, husinyaa na kujikunja, na dirisha lililotengenezwa kwa mkaratusi mbichi linaweza kukusumbua tangu mwaka wa kwanza. Ikiwa bado hujajenga, fedha utakayoiongeza kununua mbao iliyokauka vizuri ni ndogo ukilinganisha na usumbufu huo.

Kuna mlango mmoja wa unyevu ambao karibu kila mtu huusahau: ukingo wa juu na ukingo wa chini wa mlango wa dirisha. Hapo ndipo mbao za wima zinapoishia na kuonyesha vinyweleo vyake, mithili ya kichwa cha muwa uliokatwa, na hapo maji huingia haraka kuliko ubavuni. Wapaka rangi hupaka pande mbili zinazoonekana na kuziacha kingo hizo kavu, kwa sababu dirisha likiwa limefungwa hakuna anayeziona. Pitisha kidole au kioo kidogo cha kujitazamia chini ya mlango wa dirisha lako. Ukikuta mbao tupu, huenda umekwisha kupata nusu ya jibu.

Kulisoma dirisha

Anza kwa kulitazama likiwa limefungwa kadiri linavyokubali. Angalia mwanya kati ya mlango na miimo ya fremu pande zote nne. Mwanya ukiwa mpana juu upande wa bawaba na ukibana chini upande wa komeo, mlango umelala, na kosa lipo kwenye bawaba ya juu au kwenye maungio ya mlango wenyewe. Mwanya ukiwa umebana sawasawa pande zote, ni uvimbe au rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Na kama mlango unaingia vizuri lakini unarudi nyuma kama unaosukumwa na springi pale tu unapotaka kufunga, kagua upande wa bawaba: ama bawaba zimezamishwa mno ndani ya mbao, ama kichwa cha skrubu kimechomoza na kuzuia bawaba isikunjike.

Kisha thibitisha kwa karatasi. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uuweke kati ya mlango na fremu, funga, na ujaribu kuuvuta. Unapoteleza, pako huru. Unapokwama au kuchanika, ndipo panapogusa. Zunguka dirisha lote kwa hatua za sentimita 10 hivi, ukiweka alama ya penseli kila panapobana. Mahali ambapo karatasi haipiti kabisa, paka chaki ya rangi kwenye ukingo wa mlango, funga kwa nguvu ya kawaida, fungua, na utazame chaki imehamia wapi kwenye fremu. Doa la chaki halina ubishi, na mara nyingi litakuonyesha kwamba dirisha zima linazuiwa na sehemu isiyozidi upana wa kiganja.

Kipimo cha mwisho ni cha pembe kwa pembe. Shika futi kamba, pima fremu kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kutoka juu kulia hadi chini kushoto. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5 katika dirisha la futi nne kwa futi nne, fremu imepinda, na hapo kabla ya kugusa mbao inabidi utazame ukuta, jambo ambalo nitalirudia mbele.

Kurekebisha dirisha la mbao

Nashauri ufuate mpangilio wa kutoka kwenye lisiloharibu kitu kuelekea kwenye lisilorudishika. Kwanza kaza skrubu zote za bawaba kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu, maana bisibisi ndogo huula mfereji na kukuachia skrubu isiyotoka wala kukaza. Skrubu ikizunguka bila kushika, itoe, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zikate zilingane na uso wa mbao, ngoja ikauke, kisha rudisha skrubu. Njia nyingine ni kutumia skrubu ndefu zaidi yenye unene ule ule. Ninajua nyumba kadhaa ambamo kazi hii peke yake, isiyozidi nusu saa, ilirudisha dirisha mahali pake, kwa sababu tatizo lote lilikuwa bawaba ya juu iliyolegea na kuuacha mlango uiname kwa uzito wa kioo.

Skrubu zikiwa imara na bado pembe ya chini upande wa komeo inakwaruza kizingiti, fungua bawaba ya chini na uweke nyuma yake kipande cha boksi gumu kilichokatwa kwa umbo la bawaba. Bawaba ya chini ikisogea nje kidogo, mlango huzunguka na pembe ile hunyanyuka. Anza na unene mmoja wa boksi, funga, jaribu, kisha ongeza ikihitajika, lakini hakikisha kwanza kwamba upande wa komeo kuna nafasi, kwa kuwa mlango utasogea huko pia. Dawa hiyo hiyo ya boksi huponya mlango unaorudi nyuma kwa sababu bawaba zimezama mno, ila hapo utaweka kwenye bawaba zote.

Rangi iliyogandisha mlango kwenye fremu hutibiwa kwa subira. Pitisha kisu chenye makali kwenye mstari ambapo mlango na fremu vinakutana, pande zote, ukikata rangi bila kuchimba mbao. Kisha weka kipande cha mbao juu ya ubao wa mlango, karibu na pembe, ukigonge taratibu kwa nyundo, uhamie pembe inayofuata, na kuzunguka hivyo mpaka usikie rangi ikiachia. Usisukume kioo hata kidogo, wala usichokoe kwa bisibisi, kwa sababu bisibisi huacha shimo ambalo baadaye hukaribisha maji. Rangi nene ukingoni ikwangue, kisha uipige msasa. Hapa nina ombi kwa wenye nyumba za zamani: rangi za miaka iliyopita huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Lowanisha rangi kabla ya kuipiga msasa, vaa barakoa, waondoe watoto chumbani, na ufute vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Mlango ambao maungio yake yamelegea hujulikana kwa kuushika pembeni na kuutikisa. Ukicheza kama kitanda kibovu, hakuna bawaba itakayousaidia. Utoe, ulaze juu ya meza, usafishe maungio, utie gundi ya mbao, kisha uubane kwa kamba ya katani au ya manila iliyozungushwa pande zote na kukazwa kwa kijiti kinachosokotwa katikati. Pima pembe kwa pembe kabla gundi haijashika. Gundi ikishakauka, toboa kila ungio na upigilie kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa gundi.

Kuutoa mlango kuna hatari yake, na katika jiji letu hatari hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Nyumba nyingi za Igogo, Mabatini na Bugando zimepandishwa juu ya mawe, kiasi kwamba dirisha ambalo kwa ndani liko usawa wa kifua, kwa nje liko mita 3 au 4 juu ya jabali. Na kwa kuwa nondo na wavu wa mbu viko upande wa ndani, mara nyingi mlango hautoki ila kwa nje. Kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza, funga kamba kwenye mlango wa dirisha na uifungie kwenye nondo, ili ukikuponyoka usimwangukie aliye chini. Ngazi isimamishwe na mtu mwingine, na miguu yake isiwekwe juu ya jiwe lenye ukoka au lililolowa. Panapokuwa na mteremko mkali, mlipe fundi mwenye jukwaa; hilo ni gharama ya haki.

Sasa tufikie randa. Ikiwa umekaza, umeweka boksi, umetoa rangi, na chaki bado inaonyesha mguso, basi mbao imezidi kweli. Hata hivyo, kama ni katikati ya masika na dirisha linafunguka kwa shida kidogo tu, vumilia. Sugua mahali pa mguso kwa mshumaa au sabuni ya mche iliyokauka, na usubiri mpaka Juni au Julai. Kiangazi kikifika pima tena. Mwanya ukiwa milimita 2 hadi 3 wakati wa ukavu, mbao haikuzidi. Kosa lake ni kutolindwa na maji, na tiba yake ni rangi au vanishi, si randa. Mwanya ukiwa chini ya hapo, randa kiasi kinachokosekana na si zaidi, pale tu palipowekwa alama. Unaporanda ukingo wa juu au wa chini, anza kwenye pembe kuelekea katikati, kwa sababu ukipitiliza hadi nje ya pembe utapasua ncha ya mbao ya wima.

Mbao uliyoiranda ni kidonda wazi. Ipake rangi ya msingi siku hiyo hiyo, kisha tabaka mbili za rangi ya mafuta au vanishi ya nje, ukianza na zile kingo za juu na chini nilizozitaja. Subiri ikauke kabisa kabla ya kufunga dirisha, la sivyo utakuwa umeligandisha upya kwa mikono yako mwenyewe.

Madirisha ya chuma

Rafiki zetu wa Dar es Salaam na Tanga hupambana na chumvi ya bahari. Sisi hatuna kisingizio hicho, kwani maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Chuma chetu huliwa na mvua, umande na maji yanayotuama kwenye kizingiti, na kwa hiyo kutu ya Mwanza karibu kila mara huanzia chini. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichooza, na inapojijenga kati ya mlango na fremu husukuma vyote viwili mpaka dirisha lisifunge, wakati mwingine mpaka kioo kipasuke pasipo kuguswa na mtu.

Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bawaba na kwenye mkono wa kushikilia dirisha, uyaache usiku mzima, kisha lisukume na kulirudisha kidogo kidogo. Kulilazimisha kwa mara moja kunaweza kuvunja pini ya bawaba, na hapo utamhitaji mchomeleaji. Likishafunguka, kwangua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, hasa kwenye kijifereji cha chini, futa kwa kitambaa chenye tineri, na upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya jioni, kwa maana umande wa usiku mmoja unatosha kuanzisha kutu mpya. Juu yake paka rangi ya mafuta tabaka mbili nyembamba. Tabaka nene huonekana za kudumu, lakini ndizo zinazojaza nafasi na kulifanya dirisha likwame tena. Puti inayoshikilia kioo, ikikauka na kubanduka, nayo itolewe na kuwekwa mpya, kwa sababu kioo kilichoteleza nusu sentimita chini hugonga fremu na kumfanya mtu alaumu bawaba bure.

Madirisha ya aluminiamu yanayoteleza

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Nyegezi, Buhongwa na Kisesa zimewekwa madirisha haya, na wengi huyanunua wakiamini kwamba hayahitaji matunzo. Aluminiamu kweli haivimbi kwa mvua wala haipati kutu nyekundu. Inachohitaji ni reli safi na vigurudumu vyenye afya.

Reli zetu zina adui ambaye vitabu vya ujenzi vya kwingine havimtaji. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani ambao kwa mbali huonekana kama nguzo za moshi juu ya maji, na ambao upepo ukiwaleta nchi kavu hufuata taa usiku na kufia dirishani kwa maelfu. Miili yao, ikichanganyika na vumbi na maji ya mvua, hugeuka tope jeusi ambalo hukauka ndani ya reli na kuwa gumu kama saruji nyembamba. Kipande cha dirisha hupanda juu ya tope hilo, vigurudumu vinaacha kuzunguka na kuanza kuburuzwa, na baada ya muda hupata upande bapa. Mtu akishaona dirisha limekuwa zito hulisukuma kwa nguvu zaidi, na kila msukumo humalizia uhai wa vigurudumu.

Usafi huanza kwa ukavu. Kwangua tope kwa kijiti cha mbao au mswaki wa zamani, lifyonze au lifagie, ndipo utumie maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Ukianza na maji utalisukuma tope ndani ya vitundu vya kutolea maji. Vitundu hivyo viko sehemu ya chini ya reli, kwa upande wa nje, na kazi yake ni kuruhusu mvua iliyoingia relini itoke. Vizibue kwa waya mwembamba, kisha mimina kikombe cha maji relini na uone kama yanatoka nje. Yasipotoka, mvua ijayo itajaa na kumwagikia ukutani kwa ndani. Kama dirisha lako halina vitundu kabisa, fundi alisahau, nawe unaweza kumwita avitoboe.

Angalia pia matone ya saruji. Mafundi wa kupiga lipu mara nyingi huacha saruji relini, nayo mbali ya kuzuia vigurudumu hula uso wa aluminiamu ikiwa ingali mbichi. Tone lililokauka litolewe kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki, kwa upole, kwa sababu tindo itaacha mkwaruzo ambao utakata vigurudumu vipya.

Reli ikiwa safi na kavu, nyunyiza mafuta ya silikoni kidogo. Grisi na mafuta ya injini visitumike hapa hata kama viko karibu. Hulainisha kwa juma moja, halafu hukamata vumbi na wadudu, na reli inakuwa chafu kuliko mwanzo.

Kama uzito unaendelea, kagua vigurudumu, ambavyo mafundi wengi huviita rola. Shika kipande kinachoteleza kwa mikono miwili, kinyanyue hadi kiingie ndani kabisa ya reli ya juu, vuta sehemu ya chini kuelekea ndani ya chumba, kisha kishushe. Kwa dirisha kubwa kazi hii ni ya watu wawili, kwani kioo ni kizito na kinateleza mkono ukiwa na jasho. Kikikataa kutoka, tazama juu kama kuna kizuizi kidogo kilichofungwa kwa skrubu; kiliwekwa ili mwizi asifanye hivi unavyofanya wewe, na lazima kirudishwe ukimaliza. Vigurudumu vilivyovunjika, vyenye upande bapa au visivyozunguka vinunuliwe vipya, na ni busara kwenda dukani na kile cha zamani mkononi, kwa sababu vipo vya aina nyingi vinavyofanana kwa macho tu. Badilisha vyote viwili vya kipande kimoja kwa pamoja, ili kipande kisisimame upande.

Baadhi ya vigurudumu vina skrubu ya kurekebishia kimo, inayofikiwa kupitia tundu dogo pembeni chini. Ukiizungusha, pembe hiyo hupanda au kushuka. Rekebisha mpaka ukingo wa kipande uwe sambamba na mwimo wa fremu kuanzia juu hadi chini. Kikiwa kimeinama, komeo halitakutana na tundu lake hata usafishe reli mara ngapi.

Luva

Madirisha ya luva ni machache siku hizi, ila katika nyumba za zamani bado yapo. Yanapokwama kosa huwa kwenye vishikizo vya pembeni au kwenye mkono wa kufungulia. Chomoa vioo kimoja kimoja ukianzia juu, ukivaa glavu nene, osha vishikizo, tia tone la mafuta ya silikoni kila kinapozungukia, kisha jaribu mkono kabla ya kurudisha vioo. Kishikizo kilichopinda kinyooshwe kwa koleo polepole. Kilichovunjika kibadilishwe, kwa sababu kioo kinachoshikiliwa upande mmoja kitaanguka.

Kosa likiwa ukutani

Narudi kwenye fremu isiyo mraba. Kama pembe kwa pembe hazilingani, na hasa kama kuna ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, mzigo wa ukuta umeiangukia fremu. Sababu ya kawaida ni lenta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, ambayo ni dhaifu, fupi, au haipo kabisa. Sababu ya pili ni ardhi. Milimani msingi hukaa juu ya jabali upande mmoja na juu ya udongo wa kujaza upande mwingine, na upande wa udongo hushuka. Mabondeni, ule udongo mweusi wa mbuga huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka, ukiinua na kushusha nyumba kila mwaka. Dirisha la nyumba kama hiyo hukwama na kufunguka kwa kufuata majira hata kama ni la chuma tupu. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda na kufunika sehemu za fukwe, misingi ya nyumba za karibu na maji ililowa kwa muda mrefu, na nyumba za namna hiyo zastahili kuangaliwa kwa jicho hili. Kadhalika zile za upande wa Kagera zilizotikiswa na tetemeko la Septemba 10, 2016.

Weka alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani, na upime tena kila mwezi. Umbali usiobadilika kwa mwaka mzima unamaanisha kwamba ukuta umetulia, na unaweza kuurekebisha mlango ufuate fremu jinsi ilivyo. Umbali unaoongezeka ni jambo la mhandisi au fundi ujenzi mwenye uzoefu, na kuranda dirisha wakati huo ni kuficha dalili ya nyumba inayohama.

Mwisho kabisa, dirisha likishatembea vizuri, shughulikia komeo. Mlango ulionyanyuliwa kwa boksi au kwa skrubu ya kigurudumu huwa umehama milimita kadhaa, na ulimi wa komeo haulengi tena tundu la zamani. Paka chaki kwenye ulimi, funga, ona panapogonga, kisha hamisha kile kibati cha kupokelea au panua tundu lake kwa tupa. Halafu mwite mtu mwenye mkono dhaifu kuliko wote nyumbani, bibi au mtoto wa shule, umwombe alifungue na kulifunga mara tatu. Akiomba msaada, chukua tena ukanda wa karatasi na uzunguke upya.